UZI: Mrithi wa bosi wa genge anapotaka kuacha kazi ya baba, anatokaje na anaacha nini mlangoni?

Faili la Zamani (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam. Uzi ni mrefu, asiye na nafasi sasa hivi aweke alama arudi jioni.

Tumezoea kusikia kwamba mtoto wa kigogo wa genge akitaka kuacha, kinachomzuia ni risasi. Risasi zipo na nitazifikia. Ila ukifuatilia kesi za watoto wa mabosi wa Marekani, Italia na Colombia, unaona mrithi ana vitu viwili ambavyo kibarua wa genge hana: mali aliyoikuta nyumbani, na siri za watu wa damu yake. Anayeviachia vyote huwa ametoka kweli. Anayeachia kimoja hutoka nusu. Anayetaka kuondoka na vyote, akakae navyo kimya kwake, huyo ndiye husumbuka kuliko wote, kwa sababu dola haimwamini na wenzake wa zamani nao hawamwamini.

Nianze na huyo wa mwisho. Ndiye mwenye kesi tamu.

John Gotti mkubwa alishika familia ya Gambino, mojawapo ya makundi ya mafia ya New York (huko kundi huitwa familia), baada ya Paul Castellano kumiminiwa risasi nje ya mgahawa wa Sparks, Manhattan, Desemba 16, 1985. Mwaka 1992 akafungwa maisha, naibu wake Sammy Gravano akiwa amegeuka shahidi wa serikali. Mwanawe, John mdogo, alikuwa ameshakula kiapo cha kuwa mwanachama kamili wa mafia mkesha wa Krismasi 1988 akiwa na miaka 24. Mzee alipoingia ndani, kijana akawa kaimu bosi. Hakuna aliyemuuliza kama anaitaka kazi.

Januari 1998 akafunguliwa mashtaka. Mapema 1999, kabla hajakiri makosa, akaenda gereza la Marion, Illinois, kumuona baba yake. Hapa tutulie kidogo. Wametenganishwa na kioo. Mazungumzo yanarekodiwa na wote wawili wanalijua hilo, kwa hiyo kila mmoja anaongea kwa kuzunguka. Kijana anataka kukiri yaishe, arudi kwa wanawe. Baba ni mtu wa zama zile ambapo kukiri mbele ya serikali ni aibu, unapigana mpaka hakimu akufunge. Ukitaka kujua kwa nini mrithi hatoki kirahisi, ni hapo. Kibarua akiacha anamkimbia mwajiri. Huyu ilibidi amwambie baba yake mzazi, tena baba anayeoza jela, kwamba kile alichokifungiwa maisha hakina maana kwa mwanawe.

Akakiri, Aprili 1999, akapewa miezi 77. Mwenyewe anasema ndiyo siku aliyotoka.

Serikali ikasema hujatoka popote. Julai 2004, kabla hajamaliza kifungo, ikamfungulia kesi mpya. Kubwa ndani yake ilikuwa Curtis Sliwa, mtangazaji wa redio na mwanzilishi wa Guardian Angels, kikundi cha raia wa kujitolea wanaolinda mitaa, aliyepigwa risasi ndani ya teksi Juni 1992 akanusurika. Sliwa alikuwa akimnanga Gotti mkubwa hewani kila kukicha. Mashtaka yalisema mtoto ndiye aliyetoa amri.

Sasa sikilizeni utetezi. Mawakili hawakuhangaika kumsafisha. Walisema alikuwa mafia, ndiyo, lakini aliacha. Sheria ya RICO ya mwaka 1970 inaruhusu kumfunga mtu kwa kuwa sehemu ya genge linaloendelea na uhalifu, ila makosa haya yana ukomo wa miaka 5. Ukihesabu nyuma kutoka Julai 2004 unafika Julai 1999. Kama alikuwa ameshajitoa kabla ya hapo, kesi inakufa. Kama hakujitoa, yale ya mwaka 1992 yanafufuka. Uhuru wa mtu mzima ukaning'inia kwenye swali la lini moyo wake uliacha kazi, na ile video ya gerezani ikachezwa mahakamani kama ushahidi wa utetezi.

Kesi ikasikilizwa 2005, jopo la raia likashindwa kukubaliana. 2006 mara mbili, vilevile. 2009 mara ya nne, vilevile. Januari 2010 waendesha mashtaka wakasalimu amri.

Kilichokuwa kinawagawa raia wale, kwa jinsi ninavyoisoma kesi, ni kwamba alichagua njia ya kati. Siri hakutoa. Mali, upande wa mashtaka ukadai bado anafaidi iliyotokana na uhalifu. Unajitoaje kwenye kampuni huku unaendelea kula gawio? Ndilo swali walilomkomalia nalo, na kwa kweli si swali la kipuuzi.

Sasa mgeukieni Michael Franzese.

Baba yake, Sonny Franzese, alikuwa naibu bosi wa familia ya Colombo, kundi lingine la mafia la New York. Mwaka 1967 akahukumiwa miaka 50 kwa njama za wizi wa mabenki. Michael alikuwa Chuo Kikuu cha Hofstra akijiandaa kusomea udaktari. Akaacha masomo ili amsaidie mzee, na 1975 akala kiapo. Kwa hiyo kilichomwingiza mle ni utiifu kwa baba. Wengi wanaowaza mrithi wa genge wanafikiria kijana mwenye tamaa, kumbe mara nyingi ni mtoto mtiifu tu, yule ambaye kwingine mngemsifia.

Hela yake kubwa haikuhitaji bunduki. Kodi ya mafuta ya magari New York ilikuwa ikikusanywa kwa wauzaji wa jumla. Yeye na washirika wake wakasajili kampuni za mfukoni, moja nyuma ya nyingine. Mafuta yanauzwa kwenye karatasi kutoka kampuni hii kwenda ile bila lori kusogea, na kampuni mojawapo mwishoni inatoa ankara inayosema kodi imeshalipwa. Mkaguzi akiifuata anakuta anuani tu, watu hawapo. Kila galoni inabaki na senti kadhaa ambazo zilipaswa kwenda serikalini, na galoni zilikuwa mamilioni. Mwaka 1986 jarida la Fortune lilipopanga mabosi 50 wa mafia, Michael alikuwa wa 18, miongoni mwa vijana kabisa kwenye orodha.

Mwaka huohuo akakiri. Miaka 10 jela, na kurudisha takriban dola milioni 14.7. Alitoka 1989, akarudishwa 1991 kwa kukiuka masharti ya kuachiwa, akatoka tena 1994 na kuhamia California moja kwa moja. Mwaka 1989 alisimama shahidi wa serikali Chicago kwenye kesi ya mawakala wa wanamichezo, ila husisitiza kwamba watu wa familia yake ya zamani hakuwafunga. Mali akaachia, siri akatoa chembe. Yu hai mpaka leo. Mimi namuweka kwenye waliotoka nusu na zaidi kidogo.

Ila nyumba ile ilikuwa na mtoto mwingine, na huyo anasahaulika. Mdogo wake, John Franzese, alimvalia baba yake kinasa sauti, na 2010 akapanda kizimbani Brooklyn kumshuhudia. Sonny alikuwa na miaka 93. Akapigwa miaka 8, akatoka 2017 akiwa na miaka 100, akafariki Februari 2020 na miaka 103. Fikirieni meza moja ya chakula: mzee ambaye mpaka anaingia kaburini hakutamka neno, mtoto mmoja aliyelipa akaondoka, mwingine aliyesema akaondoka.

Chicago nako kuna Frank Calabrese mdogo, mtoto wa kigogo wa mafia wa huko. Yeye na baba yake walikuwa wamefungwa gereza moja, Milan, Michigan. Mwaka 1998 akawaandikia FBI barua akiomba wamsaidie baba yake asitoke tena. Hakuomba kupunguziwa kifungo wala hela. Wakamfunga kinasa, akawa anazunguka uwanja wa gereza na baba yake, mzee anahadithia mauaji ya zamani kama mtu anayesimulia safari za ujana. Kesi ya 2007, iliyobeba mauaji 18, ikammaliza mzee. Alikufa gerezani siku ya Krismasi 2012. Mtoto aliachia siri zote na hata kwenye mpango wa serikali wa kulinda mashahidi hakuingia, akabaki na jina lake.

Colombia nitapita haraka kwa kuwa inajulikana. Pablo Escobar, bosi wa dawa za kulevya, aliuawa Medellín Desemba 2, 1993. Mwanawe Juan Pablo alikuwa na miaka 16, na siku ileile akatamka redioni kwamba atawaua wote waliomuua baba yake. Dakika chache baadaye akarudi hewani akafuta kauli. Kauli ya kwanza ilikuwa ya mrithi. Kwa maelezo ya familia, mama ndiye aliyekwenda kukaa meza moja na mabosi wa Cali, kundi hasimu la dawa za kulevya, na bei ya kumwacha kijana hai ikawa mali yote ya marehemu kama fidia ya vita. Wakabadili majina, wakapita Msumbiji, wakaishia Argentina ambako akawa msanifu majengo kwa jina la Sebastián Marroquín. Mwaka 1999 wakakamatwa kwa tuhuma za utakatishaji fedha, mama akasota rumande zaidi ya mwaka, na miaka ikapita kabla hawajasafishwa. Baadaye alikutana uso kwa uso na watoto wa Rodrigo Lara Bonilla na Luis Carlos Galán, wanasiasa waliouawa kwa amri ya baba yake. Hilo sikumbuki mrithi mwingine aliyelifanya hadharani kwa kiwango kile.

Italia naiweka posti yake. Inastahili.

Nyundo

Mkuu, umeandika vizuri ila naona unawaonea huruma mno. Hawa wamesomeshwa kwa damu za watu. Wamevaa, wamekula, wameoa kwa hela za kulazimisha watu walipe ili wasichomewe maduka. Halafu mtu anafika miaka 35, mahakama inambana, ndipo anakumbuka kwamba hii kazi haipendi. Leo wanazunguka kuhutubia na kuuza vitabu. Wajane wa waliouawa wanauza nini?

Faili la Zamani

Nyundo, swali lako ni halali na sina jibu la kuliua. Ni kweli karibu wote niliowataja walianza kuota uhuru baada ya pingu. Na ni kweli simulizi imekuwa mtaji mpya: jina lilelile lililokuwa likitisha watu sasa linajaza kumbi. Ndiyo maana kipimo changu sikukiweka kwenye majuto. Majuto hayaonekani. Nimekiweka kwenye kile mtu anachoachia, hicho kinahesabika.

Ila wapo walioondoka bila pingu, wakiwa watoto kabisa. Twende Sicily.

Peppino Impastato alizaliwa Cinisi mwaka 1948. Baba yake, Luigi, alikuwa wa mafia. Bosi wa mji, Gaetano Badalamenti, alikuwa anaishi hatua chache kutoka kwao. Kijana akaanza kuwapinga waziwazi tangu ujana, baba akamfukuza nyumbani. Mwaka 1977 akafungua redio, Radio Aut, akawa anamtania Badalamenti hewani mpaka mji mzima unacheka madirishani. Kumcheka bosi, wakuu, ni kosa kubwa kuliko kumshitaki.

Kinachonigusa hapa ni baba. Luigi alimfukuza mwanawe, lakini maadamu yupo hai, kijana hakuguswa. Mwaka 1977 Luigi akafa kwa kugongwa na gari. Mei 9, 1978 Peppino akauawa, mwili ukalipuliwa kwa baruti juu ya reli ili ionekane ni gaidi aliyejilipua mwenyewe. Mama yake, Felicia, mke wa mafia, akakataa hadithi hiyo na hakunyamaza. Badalamenti alipewa kifungo cha maisha mwaka 2002, miaka 24 baadaye. Kwa hiyo hata mtoto anayekataa anaweza kuwa anaishi chini ya mwavuli wa baba bila kujua, na siku ukifungwa ndipo anaona mvua.

Rita Atria wa Partanna alikuwa na miaka 11 baba yake alipouawa mwaka 1985. Kaka yake naye akauawa 1991. Rita alikuwa na miaka 17 alipokwenda kwa mwendesha mashtaka Paolo Borsellino na kumwaga kila alichokisikia nyumbani kwao. Alifichwa Roma, akawa anamuona Borsellino kama baba. Julai 19, 1992 bomu likamuua Borsellino Palermo. Siku saba baadaye Rita akajirusha kutoka ghorofa ya saba. Mama yake mzazi baadaye alikwenda makaburini na nyundo, akaivunja picha ya binti yake kwenye kaburi. Unaweza kusoma vitabu vyote vya sheria za mafia, hakuna kitakachokueleza zaidi ya nyundo ile.

Mama Wawili

Kaka Faili, hapo kwa Rita nimeshindwa kuendelea, nimerudi baada ya muda. Lakini naona umeongea sana habari za wana na baba. Wake na mabinti je? Maana mtoto akizaliwa mle ndani, wa kwanza kumfundisha kisasi ni mama.

Faili la Zamani

Dada, umenifikisha nilipotaka kufika.

Calabria, kusini mwa Italia, kuna 'Ndrangheta, mafia ya huko, na yenyewe inatofautiana na mafia ya New York kwenye jambo moja zito. New York unaajiriwa, hata kama baba yako yumo. Calabria kundi lenyewe ni ukoo. Kaka, binamu, wajomba, na ndoa zinapangwa ili koo mbili ziungane au zipatane. Mtoto wa kiume wa bosi anahesabiwa wa kwao kwa haki ya damu kabla hajajua kusoma. Ndiyo maana kwa miaka mingi ilikuwa na wasaliti wachache kuliko makundi mengine ya Italia. Huwezi kumtaja mwenzako bila kumtaja kaka yako.

Na wanaofungua ukuta ule, wengi wamekuwa wanawake. Lea Garofalo wa Petilia Policastro alianza kuzungumza na vyombo vya dola mwaka 2002, akawa anahamahama na bintiye Denise. Novemba 2009 mzazi mwenzake, Carlo Cosco, akamvuta Milano kwa kisingizio cha kuongelea masomo ya binti. Akauawa, mwili ukachomwa.

Denise alikuwa na miaka 17. Alirudi kuishi kwa ndugu wa baba, akila nao, akijua moyoni nani amemuua mama yake na asiweze kuonyesha usoni. Kijana aliyekuwa mpenzi wake alikuwa mmoja wa wahusika. Akasubiri, kisha akatoa ushahidi dhidi ya baba yake na jamaa zake, wakafungwa, na yule kijana mwisho akakiri akaonyesha mabaki yalipo. Huyo ni mrithi, wakuu. Hatumwiti hivyo kwa sababu ni msichana, lakini kila kitu ambacho Gotti mdogo aliombwa akitoe, Denise alikitoa chote akiwa hajafika miaka 21.

Sasa mje kwa jaji Roberto Di Bella, aliyekuwa rais wa mahakama ya watoto ya Reggio Calabria. Aligundua kwamba anawahukumu watoto wa wanaume ambao aliwahi kuwahukumu wakiwa nao wavulana. Majina yaleyale ya ukoo, makosa yaleyale. Kuanzia mwaka 2012 akawa anatumia sheria ya kumlinda mtoto dhidi ya mzazi anayemdhuru: akiona kijana anaandaliwa kushika kiti, anamhamishia nje ya Calabria mpaka afike miaka 18, shule, mshauri wa saikolojia, familia au kituo kinachompokea. Baadaye mpango ukapewa jina linalomaanisha "huru kuchagua", ukaungwa mkono na wizara, Kanisa na Libera, chama cha kupinga mafia cha padri Luigi Ciotti.

Kisha wakaanza kuja akina mama wenyewe, kwa siri, kumuomba awachukulie watoto. Mume yuko jela, shemeji ameshaanza kumfundisha kijana bunduki, na mama hawezi kusema hapana mbele ya ukoo. Amri ya mahakama inamfichia uso: anaweza kulia mbele ya ndugu kwamba serikali imempokonya.

Nyundo

Hapo sasa ndipo siko na wewe. Serikali kumchukua mtoto ambaye hajafanya kosa, eti kwa kuwa babu yake ni mwizi? Leo ni mafia, kesho ni chama ambacho serikali haikipendi.

dada_wakili

Naomba niingie hapo kidogo.

Nyundo, hoja yako ilitolewa huko huko Italia na watu wazito, haikupuuzwa. Jibu lao la kisheria ni kwamba jina la ukoo peke yake halitoshi, jaji anatakiwa aoneshe madhara kwa mtoto huyo: anabebeshwa silaha, anahusishwa kwenye visasi, anaachishwa shule. Ni kipimo kilekile cha mzazi mlevi anayempiga mwanawe. Unaweza kukikataa, lakini usiseme hakipo.

Nirudi kwa mwanzisha uzi. Kwenye kesi ya Gotti kuna kipande kinakosekana. Mwaka 2013 Mahakama ya Juu ya Marekani, kesi ya Smith, kundi la dawa za kulevya Washington, iliamua kwa kauli moja kwamba anayedai alijitoa kwenye njama ndiye mwenye mzigo wa kuthibitisha. Na kukaa pembeni bila kushiriki hakutoshi kukukata na wenzako. Lazima uoneshe kitendo, mfano umewaarifu wenzako kwamba huna habari nao tena, au umekwenda polisi. Kwa hiyo mrithi wa leo anayesema "mimi niliacha tu kwenda vikaoni", mahakamani hana kitu.

La pili, mali. Italia tangu mwaka 1982, baada ya mafia kuwaua mwanasiasa Pio La Torre na Jenerali Dalla Chiesa waliokuwa wakipambana nayo, sheria inaruhusu kutaifisha mali ambayo mshukiwa wa mafia hawezi kueleza ilikotoka. Na baadaye ikaongezwa kwamba hata akifa, hatua inaweza kuanzishwa dhidi ya warithi ndani ya miaka 5. Yaani mtoto anaweza kuwa msafi kama pamba, hajawahi kuiba hata peremende, akapokea barua kwamba nyumba anayolala inachunguzwa. Sheria ya mwaka 1996 ikaruhusu mali hizo zipewe matumizi ya jamii: majumba yakawa shule na ofisi za vyama, mashamba yakalimwa na ushirika.

Mzee Kobe

Vijana mmesahau Japani. Yakuza, magenge ya huko, kiti hakifuati damu sana, lakini ukitoka unabaki na adhabu. Kanuni za majimbo zilizokamilika nchi nzima mwaka 2011 zinakataza makampuni kufanya biashara na yakuza, na aliyeacha anaendelea kuhesabiwa hivyo kwa miaka 5. Akaunti ya benki shida, kupanga nyumba shida, mkataba wa simu shida. Sasa mtu ameacha uhalifu, halafu hana pa kuweka mshahara wala pa kulala. Atakwenda wapi zaidi ya kurudi alikotoka?

Faili la Zamani

Mzee wangu, shikamoo. Hilo la Japani ni kinyume kabisa cha Calabria: huku dola inamtafutia kijana shule na pa kulala, kule inamfungia benki. Wenye kutunga sheria wangeziweka hizo mbili mezani pamoja.

dada_wakili, asante kwa kesi ya Smith. Inanipa nguvu kwenye hoja yangu, kwa sababu mahakama imesema kisheria kile ninachokisema kienyeji, kwamba kutoka ni kitendo. Ila inaleta ubaya wake. Kuwaarifu wenzako kwamba umeacha ni kitendo kinachohesabika mahakamani, na ndicho kitendo kinachoweza kukuua. Kwenda polisi ni salama kidogo, maana unapata ulinzi: mpango wa kulinda mashahidi wa Marekani umeshapokea watu zaidi ya 19,000 tangu 1971, wanabadilishiwa majina na miji. Lakini mrithi akiingia mle anapoteza na jina, na mama yake akifa hazikwi na mwanawe akiwepo. Kibarua wa genge anaweza kukubali biashara hiyo. Mtoto wa bosi, ambaye maisha yake yote alikuwa ni jina, ni mtihani mwingine.

Nyundo, kuhusu watoto wa Calabria nitakupa nusu. Chombo kile ni kikali na mikononi mwa jaji mwenye chuki kingetisha. Nusu nyingine sikupi. Akina mama wale walikwenda wenyewe, usiku, na wangeuawa kwa kwenda. Siwezi kuwaambia warudi nyumbani wakangoje mtoto afanye kosa kwanza ndipo tumsaidie.

Msomaji Mkimya

Mimi huwa nasoma tu sichangii, leo nimeshindwa. Mkuu Faili, umezunguka kote ila hujajibu la kwanza. Gotti mdogo alitoka au hakutoka? Sema kimoja.

Faili la Zamani

Kazini, naamini alitoka. Mtu anayetaka kubaki bosi hakiri mashtaka kinyume cha mila za baba yake mwaka 1999, tena baba mwenyewe akiwa hai na bado anasikilizwa. Kwa watu wale hiyo ni kama kujivua nguo barabarani. Ningekaa kwenye jopo lile ningempa hilo.

Mali ndiyo ingenikwamisha. Kama alikuwa anaendelea kula kilichopatikana enzi za baba, hata bila kuagiza uhalifu mpya, basi wapo watu ambao walikuwa bado wanamlipa bila kujua. Naona ndipo raia wale wa jopo walipogawanyika, mara zote nne, na mimi ningekuwa mmoja wa waliowachelewesha wenzao kurudi nyumbani.